Ofisi ya nyumbani inakusumbua? Tafuta chanzo kabla ya kwenda dukani

Kiti changu cha kwanza cha ofisi nilikinunua kwa sababu shingo iliniuma. Kilikuwa kizuri, cha kuzunguka, chenye mgongo wa wavu, mtumba safi kutoka ng'ambo. Nilikikalia miezi mitatu na shingo ikaendelea kuuma vilevile, maana kiti hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye meza.

Nafanyia kazi nyumbani hapa Moshi, mtaa wa Soweto, mwaka wa sita sasa. Naandaa safari za wageni wa mlimani na mbugani, najibu barua pepe, napiga hesabu, naongea kwa video na watu walio mbali. Tangu majirani wa hapa na ndugu zangu wa Arusha wajue jinsi nilivyohangaika na hiki chumba, huniita nikaangalie vyao. Karibu kila nyumba nakuta jambo lilelile: ofisi inauma huku, ugonjwa uko kule. Mtandao ukisuasua mtu anabadilisha kifurushi, kumbe ni ukuta. Meza ikijaa anaagiza kabati, kumbe ni droo. Kwa hiyo naandika kwa kufuata dalili, na kwenye kila dalili nataja vyanzo kwa mpangilio ninaoukagua mwenyewe, kile kisicho na gharama kikitangulia.

Shingo, mabega au mikono inauma

Jiulize inauma wapi hasa. Shingo kwa nyuma, maumivu yakianza baada ya saa moja au mbili za kazi, mara nyingi ni skrini iliyo chini mno. Mabega yanayopanda kama ya mtu anayesikia baridi ni meza iliyo juu. Kifundo cha mkono kinachowaka ni kibodi iliyo juu au mausi iliyo mbali. Kiuno ndicho kinachonifanya nianze kukishuku kiti.

Laptopi ina kasoro ya kuzaliwa nayo: skrini na kibodi vimeshikana. Ukiiweka chini mikono ipumzike, shingo inainama. Ukiiinua shingo inyooke, mikono inaning'inia hewani. Hakuna meza wala kiti kitakachoondoa kasoro hiyo, dawa ni kuvitenganisha. Tafuta kibodi na mausi za pembeni, kisha uinue laptopi mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho yako au uwe chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Stendi maalumu si lazima. Rimu moja ya karatasi ina unene wa kama sentimita 5, na rimu mbili au tatu zinawatosha wengi. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili, ya kusomea chini na ya kuonea mbali juu, aishushe skrini zaidi, la sivyo atakuwa anainua kidevu siku nzima na shingo itauma kwa upande wa pili.

Meza nayo. Mafundi wengi watakutengenezea meza ya sentimita 75 bila kukuuliza. Niliporudi kwa fundi wangu kulalamika, alikuwa anapiga randa mlango.

"Fundi, hii meza ni ndefu kwangu."

"Dada, ndiyo saizi ya meza."

Hakukosea. Ndiyo saizi ya meza ya kulia chakula. Lakini mimi nina urefu wa sentimita 158. Nikakaa kwenye kiti, nyayo zimelala chini, nikaacha mikono ining'inie, nikakunja viwiko, na yeye akapima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko: sentimita 64. Akaitazama namba, akaitazama meza, akachukua msumeno. Tulikata sentimita 10 kwenye kila mguu, na ndani ya wiki mbili mabega yangu yakashuka. Kipimo hicho cha kiwiko ndicho namwambia kila mtu ampelekee fundi, hata kama fundi ana haraka.

Kama meza ni ya familia na haiwezi kukatwa, inua kiti mpaka viwiko vilingane na meza, halafu uzipe nyayo mahali pa kukanyaga: kigoda kifupi, au tofali mbili zilizofungwa kipande cha zulia. Usiache miguu ikining'inia, maana ukingo wa kiti utabana mapaja kwa chini na miguu itakufa ganzi. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti paweko nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Angalia pia kilicho chini ya meza. Droo ya katikati hula sentimita 10 au zaidi za nafasi ya mapaja, na ndiyo inayowafanya watu wakae mbali na kibodi wakiinama mbele. Droo ikae pembeni. Nitairudia hiyo droo mwishoni.

Ukirekebisha yote hayo na vidole bado vinakufa ganzi usiku, au maumivu yanashuka mpaka mkononi, hilo si la fundi seremala. Nenda hospitali.

Kiti kinashuka chenyewe

Unakiinua asubuhi, saa nne umeshafika chini. Ni silinda ya gesi imechoka, jambo la kawaida kwa viti vya mtumba. Silinda nyingine inaweza kupatikana kutoka kwenye kiti kibovu. Kama hujaipata, nenda kwa wauza vifaa vya bomba, nunua kipande cha paipu ya plastiki ambayo upana wake wa ndani unazidi kidogo ule mti wa chuma unaong'aa chini ya kiti (mingi ina milimita 28). Inua kiti hadi kimo chako, pima sehemu ya chuma inayoonekana, kata paipu urefu huohuo, ipasue upande mmoja kwa msumeno wa chuma, uibanie pale kama kola ya shati. Kiti hakitashuka tena. Hakitapanda wala kushuka kwa kupenda, lakini kama unakikalia peke yako hutahitaji.

Macho yanawasha, kichwa kinagonga mchana

Zima skrini. Fanya hivyo saa tatu asubuhi na tena saa kumi jioni, ukiwa umekaa mahali pako. Skrini nyeusi ni kioo, na chochote utakachokiona humo ndicho macho yako yanachopigana nacho siku nzima: dirisha, mlango uliofunguliwa, bati la jirani linalomulika.

Watu hapa hupenda kuweka meza ikitazama dirisha ili waone mlima, na naielewa hamu hiyo. Lakini ukikaa ukilitazama dirisha, mwanga wa nje unaushinda wa skrini na macho yanafanya kazi mara mbili. Ukilipa mgongo, dirisha linaingia ndani ya skrini. Liweke ubavuni. Kwa Moshi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini, na kwa Arusha, Meru vilevile iko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la mlimani kwa kawaida ni dirisha la kaskazini. Tuko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huegemea kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwezi wa Desemba, na linaingia dirishani likiwa juu sana, haliendi mbali ndani ya chumba. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo matata mwaka mzima, kwa sababu asubuhi na jioni jua liko chini na linapenya mpaka ukutani. Ukipewa kuchagua chumba, chagua cha upande wa mlima au wa kusini. Kama hakuna uchaguzi, pazia jepesi jeupe hulainisha mwanga bila kukufungia gizani. Pazia zito litakulazimisha kuwasha taa saa sita mchana.

Na kila baada ya dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Hapo ndipo mlima una kazi yake.

Mtandao unaganda

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Jambo la kwanza ni kutenganisha matatizo mawili yanayofanana: mtandao unaoingia nyumbani, na waifai inayousambaza ndani. Chukua waya wa mtandao, chomeka laptopi moja kwa moja kwenye ruta, upime kasi. Kisha chomoa, rudi mezani kwako, upime kwa waifai. Kwenye ruta ikiwa nzuri na mezani mbovu, mtoa huduma wako hana kosa, na kifurushi kikubwa zaidi hakitakusaidia kitu. Kote ikiwa mbovu, rudia kipimo saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa alfajiri inakwenda vizuri na jioni inasota, ni msongamano wa watumiaji, na hapo una haki ya kumpigia mtoa huduma ukiwa na namba mkononi.

Soma namba hizo vizuri. Kasi hutajwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwenye mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde, faili la megabaiti 250 litachukua sekunde 100 mambo yakienda vizuri. Nimeshawahi kumwona mtu akigombana na wakala kwa hesabu aliyoikosea mwenyewe. Mazungumzo ya video ya mtu mmoja kwa mmoja hutosheka na megabiti 2 hadi 4, ila ziwepo pande zote mbili, za kushusha na za kupandisha. Wengi hupima kushusha tu. Kama wao wanakuona ukiganda ilhali wewe unawaona vizuri, tatizo liko kwenye kupandisha, na mara nyingi ni simu fulani ndani ya nyumba inayotuma picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mwenyewe kujua.

Sasa kama waifai ndiyo mbovu, tafuta ruta iko wapi. Kwangu ilikuwa sebuleni, chini ya televisheni, ndani ya kabati lenye mlango wa kioo, kwa sababu mafundi waliofunga waliona waya unafika pale vizuri. Kati yake na meza yangu kulikuwa na kuta mbili za tofali za saruji, na nguzo ya zege yenye nondo. Saruji hula mawimbi, na chuma huyarudisha: nondo, grili, bati, hata kioo kikubwa cha kujitazamia. Nilimwomba fundi asogeze waya mita 6 hadi koridoni, akaipandisha ruta juu ya mlango. Hilo peke yake lilimaliza malalamiko ya nyumba nzima.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. La 2.4 linakwenda mbali na kupenya ukuta, lakini lina kasi ndogo na linagongana na maikrowevu na ruta za majirani. La 5 lina kasi, ila ukuta mmoja mzito unalichosha. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia la 5, ukiwa nyuma ya kuta mbili tumia 2.4. Mahali nyumba zimebanana, ingia kwenye mipangilio ya 2.4 uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajairundikia. Na kama meza yako haihami, waya ndio suluhisho la kudumu. Unaweza kufika mita 100 bila kupoteza kasi, na hakuna nyumba yetu yenye mita 100.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu wafanye kinyume kidogo: iende dirishani, upande wenye mnara, hata kama meza iko mbali. Izungushe dirisha hadi dirisha ukipima kila mahali. Mdogo wangu wa Njiro alipata tofauti ya kasi mara tatu kwa kuihamisha kutoka chumbani kwenda jikoni.

Umeme ukikatika kazi inakufa

Laptopi ina betri yake, kwa hiyo UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, haina sababu ya kuihudumia. Nimekuta watu wamechomeka laptopi, printa na spika kwenye UPS ndogo ya VA 650, halafu wanalalamika inadumu dakika tano. Betri ya ndani ya UPS ya aina hiyo kwa kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 ikiwa mpya, na sehemu yake inapotea kwenye kugeuza umeme. Ipe skrini ya pembeni na ruta tu. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe, maana kile kinachochoma wino huvuta mamia ya wati kwa mkupuo na kitaizima UPS au kuiua. Kama mzigo ni mdogo na bado haidumu, betri imezeeka. Hubadilishwa peke yake, huna haja ya kununua UPS nyingine.

Kama shida yako ni mtandao tu, kuna viboksi vidogo vya betri vya kuendeshea ruta, na kwangu ndicho kifaa kilicholipa gharama yake haraka kuliko vyote. Ruta yenye chaja ya volti 12 na ampea 1 haivuti zaidi ya wati 12, kwa kawaida chini ya hapo, kwa hiyo betri ya wati-saa 32 huiendesha saa mbili na zaidi. Soma lebo ya chaja kwanza: ya volti 9 ukiipa volti 12 unaweza kuiunguza. Na wenye fiba wakumbuke kwamba kile kiboksi cheupe cha ukutani waya unapoingilia nacho kinataka umeme. Jirani yangu alihangaika wiki nzima, ruta inawaka taa zote na mtandao hakuna, kwa sababu aliisahau hiyo nusu ya pili.

Ekstensheni ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230. Vifaa vya ofisi havifikii hata nusu. Kinachoziunguza ni pasi na birika kuchomekwa kwenye mkia uleule, ekstensheni kuchomekwa juu ya ekstensheni, au ile ya gurudumu kutumika ikiwa imeviringishwa. Shika plagi kwa kiganja baada ya saa moja ya kazi. Ikiwa ya moto, acha kuitumia leo.

Laptopi inapiga shoti kidogo

Unapitisha kidole kwenye bati la laptopi ukahisi mtekenyo, kama sisimizi wengi wanatembea. Nalipa hili nafasi yake kwa sababu watu wamelizoea, na si la kuzoea.

Chomoa chaja. Mtekenyo ukiisha, unatoka kwenye umeme wa ukutani. Ndani ya chaja kuna kifaa cha kuchuja kelele za umeme, na kwa kawaida huvujisha kiasi kidogo sana kinachotakiwa kuishia ardhini kupitia waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, kinaishia kwenye bati la laptopi, na kutoka hapo kinapita kwako ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Ndiyo maana ukivaa viatu unakuwa kama umepona.

Sasa angalia plagi. Soketi zetu za matundu matatu zina kifuniko cha usalama kinachofunguliwa na pini ndefu ya juu, ambayo ndiyo ya ethi. Plagi ya pini mbili kutoka ng'ambo haina pini hiyo, kwa hiyo tumejifunza kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu huku tunasukuma plagi. Nimekuta soketi nyingi zenye alama za wino wa bluu pale juu. Plagi ya namna hiyo haina ethi, na pia inalegea, inatoa cheche, na mwisho inaunguza soketi kwa ndani. Ona pia kwamba hata kigeuzi chenye pini tatu kinaweza kuwa na pini ya juu ya plastiki tupu. Chaja yenyewe ikiwa ya pini mbili tangu kiwandani, mtekenyo mwepesi unaweza kubaki, na hapo uliza kama inauzwa ile yenye waya wa pini tatu.

Kama plagi ni ya pini tatu halali, hamia soketi ya chumba kingine. Ukipona, soketi ya ofisini haijaunganishwa ethi. Usipopona popote, nyumba nzima haina ethi, au fimbo iliyofukiwa nje haishiki tena ardhi vizuri. Kwetu mtekenyo uliongezeka kila Februari na kupungua masika, na fundi umeme akanieleza sababu: udongo ukikauka unapitisha umeme kwa shida. Alifukia fimbo nyingine upande wa bafuni, kwenye udongo unaokaa na unyevu, akapima, mtekenyo ukaisha. Mwite fundi anayekuja na mita ya kupimia, asije na testa peke yake. Na kama kinachopiga ni shoti kali, au bomba na friji navyo vinapiga, zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye.

Hawanisikii kwenye mikutano

Ukisikika kama uko kisimani, chumba ni kitupu: vigae chini, kuta tupu, sauti inarukaruka. Zulia, mkeka, pazia la kitambaa na rafu ya vitabu humeza mwangwi. Mvua ya masika juu ya bati lisilo na silingi haina dawa ya haraka. Unachoweza ni kuleta maikrofoni karibu na mdomo, kwa visikizi vyenye kijiti cha maiki, ukaacha kutumia maiki ya laptopi inayosikiliza chumba kizima. Mimi hupanga mikutano ya Aprili asubuhi, na wageni wangu wamezoea.

Laptopi inachemka, printa inakwama

Kuchemka ni vumbi letu jekundu kwenye feni, au laptopi iliyowekwa juu ya kitambaa kinachoziba matundu ya chini. Izime, fungua, zuia feni isizunguke kwa kijiti, fagia kwa brashi laini ya rangi. Mara moja kabla ya masika na mara moja kiangazi inatosha. Printa inayovuta karatasi mbili mbili mwezi wa Aprili si mbovu, karatasi zimenyonya unyevu. Weka rimu ndani ya gamba lake, ilale, chukua tu unazohitaji siku hiyo.

Meza inajaa tena kila jioni

Umeipanga Jumapili, Jumanne ina pasi, madaftari ya watoto, chaja tano, risiti, kikombe na bisibisi. Usijilaumu kwamba huna nidhamu. Fanya kama nilivyofanya kwa dada yangu wa Sakina: tuliacha vitu vyote mahali vilipo, tukaandika kila kimoja kimetoka wapi na kwa nini kimekaa hapo. Vikagawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vya wapita njia. Meza ilikuwa kati ya mlango wa mbele na jikoni, na kitu chochote chenye uso wa bapa kilicho njiani kitatuliwa mizigo. Tulisogeza meza kona ya ndani, tukaweka stuli ndefu mahali ilipokuwa meza. Sasa stuli ndiyo inayojaa, na hilo halimzuii mtu kufanya kazi.

Fungu la pili ni waya. Waya hutambaa mezani kwa sababu soketi iko mbali au ekstensheni iko sakafuni. Ipigilie ekstensheni kwa skrubu chini ya ubao wa meza kwa nyuma, chaja zote zining'inie huko, kisha funga kila waya uliozidi kwa kamba ya plastiki. Juu ubaki mwisho wa waya mmoja, wa laptopi. Ukifagia, ufagio haushiki kitu. Bandika utepe mweupe kwenye kila plagi uandike jina lake, usije ukachomoa ruta ukidhani ni taa.

Fungu la tatu ni vitu vya kazi ambavyo makao yake yapo lakini havirudi. Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Karatasi tulitatua kwa boksi faili tatu tu, zilizosimama kwenye rafu inayofikiwa bila kunyanyuka: ya kushughulikiwa, ya kodi na risiti, ya nyumba na watoto. Ukianza na boksi nane, utaacha kupanga wiki ya pili. Lakini stepla, kalamu, kikokotoo na miwani viliendelea kulala mezani, na dada akasema droo anayo, ila hapendi kuifungua. Nikaivuta. Haikutoka. Ukiishika kwa mikono miwili na kuweka mguu kwenye meza, ndipo inakuja.

Basi huo ndio ulikuwa ugonjwa. Mtu hawezi kurudisha kalamu mara ishirini kwa siku ndani ya droo inayopigana naye. Ilikuwa meza ya mbao za saiprasi iliyotengenezwa mbao zikiwa hazijakauka vizuri, na ulikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha kila siku. Mbao ilikuwa imenyonya unyevu ikavimba kwa upana. Tuliitoa yote, tukafuta vumbi kwenye reli, tukatafuta sehemu zinazong'aa, maana hapo ndipo inapokwaruza, tukazisugua kwa kipande kikavu cha sabuni ya mche, na mshumaa ungefaa vilevile. Ikaanza kuteleza. Ilibaki inashika kidogo kwenye kona ya kulia, na fundi wa jirani akajitolea kuipiga randa palepale.

Tulimwomba asubiri. Droo inayokwangwa Aprili ikiwa imevimba itacheza na kuanguka kwenye reli Januari mbao ikisinyaa. Kama ya kwako bado inashika baada ya sabuni, iache mpaka Agosti, uijaribu tena mvua zikiwa zimepita na mbao imepumua, na kama bado inakwama, mwite fundi na randa yake.